Lenzi Pana kwa Nchi Tambarare

Simama kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Mississippi, pale penye bwawa la Coon Rapids, jua likishukia upande wa Brooklyn Park, na utaona kila kitu ambacho matangazo ya lenzi pana huahidi: maji, anga kubwa, mstari mrefu wa miti, na hakuna ghorofa la kuziba. Piga picha hapo kwa lenzi ya milimita 14. Utapata nusu fremu ya anga, nusu fremu ya maji, na katikati uzi mweusi ambao kwa macho yako ulikuwa msitu. Bwawa lenyewe, lililokamilika mwaka 1914 na kuzalisha umeme hadi 1966, litakuwa limesinyaa hata usijue kwamba linauzuia mto. Wengi hapo hulaumu lenzi, kisha huuliza kama ya milimita 12 ingeingiza zaidi. Ingeingiza, na picha ingezidi kuwa tupu.

Swali la lenzi ipi pana inunuliwe hujadiliwa sana miongoni mwa Waafrika Mashariki wa vitongoji hivi vya kaskazini mwa Minneapolis, kwenye maegesho ya makanisa, kwenye mahafali, kwenye makundi ya WhatsApp. Karibu kila mara mjadala huanzia dukani: Canon au Nikon, f/2.8 au f/4, mpya au iliyotumika. Mimi naona uanzie ardhini. Lenzi pana huchaguliwa kwa kile kilicho miguuni pa mpiga picha, na Coon Rapids ni mahali pazuri pa kulipima wazo hilo, kwa sababu hapa miguuni mara nyingi hamna kitu. Mji umekaa juu ya uwanda wa mchanga wa Anoka, mchanga uliotandazwa na maji ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka mwishoni mwa enzi ya barafu. Hakuna mlima wala bonde la kutisha, na kilima cha kupanda ili uone mbali ni cha kutafuta.

Tabia moja ya lenzi pana huamua mengine yote. Kilicho karibu huonekana kikubwa, kilicho mbali huwa kidogo, na nafasi kati yao hutanuka. Kwa ukweli wa kanuni, umbali wako ndio unaofanya kazi hiyo. Lenzi inakuruhusu tu usogee karibu na jiwe huku anga lote likibaki ndani ya fremu. Asiyesogea halipati jambo lenyewe alilolipia.

Chukua Kilimanjaro kama inavyoonekana kutoka Amboseli. Kibo ina mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Amboseli uko kwenye mita 1,150 hivi, na kati yao pana kama kilomita 45. Kutoka chini hadi kileleni, mlima unachukua pembe ya nyuzi 6 tu mbele ya macho yako. Kwenye kamera yenye sensa ya fremu nzima, ile ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 14 itazibana nyuzi hizo 6 kwenye milimita moja na nusu ya kimo cha sensa. Mlima mrefu kuliko yote Afrika unakuwa kichuguu. Kwa milimita 200 mlima uleule unajaza karibu kimo chote cha fremu, na ndiyo sababu zile kadi za tembo wakipita mbele ya theluji ya Kibo hupigwa kwa lenzi ndefu, mpiga picha akiwa mbali na tembo. Ngorongoro vilevile: ukiwa ukingoni, kreta yenye upana wa kilomita 19 hivi na kina cha mita 600 hugeuka sinia kwa lenzi pana, na hakuna atakayeamini ulishikwa na kizunguzungu.

Nenda sasa Jambiani au Paje wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa hadi karibu na mwamba. Mchanga umejikunja mikunjo, ngalawa imelala ubavu, kamba ya nanga inapita miguuni pako kuelekea baharini, vigingi vya mwani vimejipanga. Lenzi ileile iliyoidhalilisha Kilimanjaro inang'aa hapo, kwa sababu kila kitu kimo ndani ya mita 2 au 3, na kamba ile inampeleka mtazamaji hadi upeo wa macho bila kuambiwa. Mandhari ya Zanzibar na ya Amboseli yote huitwa makubwa, lakini moja lataka milimita 18 na jingine milimita 200.

Kwa hiyo cha kujiuliza ukiwa Coon Rapids ni hiki: nini kiko karibu? Kuna vitu, ila vina majira yake. Mwezi Machi, barafu ya mto inapovunjika, vipande vyake husukumwa ukingoni vikapandana, vingine vina unene wa kiganja na rangi ya chupa, vikiwa na majani ya mwaka uliopita yaliyogandia ndani. Ukichuchumaa mbele ya kipande kimoja kwa milimita 16, tundu likiwa f/11 na fokasi ukiiweka kwenye sentimita 78, kila kitu kuanzia sentimita 40 mbele ya lenzi hadi miti ya ng'ambo kitakuwa kikali cha kutosha. Ndipo pale patupu panapogeuka picha. Mwishoni mwa kiangazi kuna nyasi za prairi kwenye hifadhi ya Bunker Hills, nyingine zikimzidi mtu kimo, na lenzi ukiiingiza katikati ya mabua yake inaona kama mdudu aonavyo. Kuna magogo ya mipopla yaliyoletwa na mafuriko. Vuli ina majani yake. Miezi mingine, nasema wazi, ukingo huu ni wa milimita 85, na asiyeamini ajaribu mwezi Novemba kabla theluji haijaanguka.

Upana wenyewe, tuupime kwa kitu cha hapa. Milimita 24 kwenye sensa ya fremu nzima huona nyuzi 74 kwa mlalo. Coon Rapids iko kwenye latitudo ya nyuzi 45 kaskazini, katikati ya ikweta na ncha ya dunia, na kwa sababu hiyo mahali jua linapozamia huhama sana: mwezi Juni linazama mbali kaskazini-magharibi, Desemba mbali kusini-magharibi, na kati ya sehemu hizo mbili pana nyuzi 68 hivi. Nairobi tofauti hiyo ni nyuzi 47 tu. Maana yake, lenzi ya milimita 24 ikielekezwa magharibi juu ya mto huu ingeweza kuyachukua machweo yote ya mwaka mzima ndani ya fremu moja, bila stendi kusogezwa. Mtu anayesema milimita 24 haimtoshi na afikirie hilo kwanza. Milimita 16 inaona nyuzi 97, na milimita 14 inaona 104. Huko chini kila milimita ni ghali: kutoka 14 hadi 16 unapoteza nyuzi 7 za mlalo, ilhali kutoka 50 hadi 52 hata hutambui.

Hesabu hizo ni za sensa ya fremu nzima. Kamera nyingi zinazouzwa kwa familia, zile za kifurushi zenye lenzi ya 18-55, zina sensa ndogo inayokata pembeni. Kwa Nikon, Sony na Fujifilm unazidisha kwa 1.5, kwa Canon 1.6. Milimita 18 za kifurushi ni kama 27 au 29 za fremu nzima. Hiyo tayari ni lenzi pana, pana kiasi cha kutosha kwa mandhari mengi ya dunia hii, na mwenye nayo kabatini hana haraka yoyote ya kutoa pesa. Simu nayo isidharauliwe. Tangu iPhone 11 ya mwaka 2019, simu nyingi zimekuwa na jicho la tatu au la pili lenye upana wa kama milimita 13, lile unalofungua kwa kugusa 0.5. Kabla ya kununua, litumie hilo kwa miezi kadhaa na uangalie ni picha zipi unazozihifadhi. Ukikuta unalikimbilia kila ukifika ukingoni, kisha nyumbani unazifuta, umeshapata jibu na hukulipa senti.

Jambo ambalo wanunuzi wa huku hulisahau, na ambalo hakuna tathmini ya lenzi iliyoandikwa huko California itakayowaambia, ni jua la chini. Tarehe 21 Desemba adhuhuri, jua la Coon Rapids hufika nyuzi 21 tu juu ya upeo wa macho. Dar es Salaam siku hiyohiyo liko nyuzi 73, karibu utosini. Tazama linavyoathiri fremu. Lenzi ya milimita 16 ikishikwa kwa mlalo, upeo wa macho ukiwa katikati, inaona hadi nyuzi 37 juu. Ukielekea kusini, jua la adhuhuri limo ndani ya picha. Hata milimita 24 linaingia, maana yenyewe hufika nyuzi 26. Ni kuanzia milimita 35 hivi ndipo linabaki nje. Miezi ya baridi basi mpiga picha wa lenzi pana hapa anapigana na jua linalomulika ndani ya vioo: madoa ya kijani yaliyojipanga mstari, ukungu mweupe unaofuta weusi wa miti. Kofia ya lenzi pana ni fupi mno kusaidia. Mpako wa vioo ndio unaoamua, na mpako mzuri ni sehemu ya pesa unayolipa kwenye lenzi za bei. Kwangu hili linazidi f/2.8 kwa mbali. Mtu akiniomba ushauri wa lenzi ya mandhari ya Minnesota, namwambia aende nayo nje saa sita mchana wa Januari, aielekeze juani kwa f/16, aone inavyofanya. Jua lenyewe, lenzi ikiwa nzuri, litageuka nyota yenye miale safi. Lenzi mbovu itakupa uji.

Geuka sasa ulipe jua kisogo. Kivuli cha mtu wa kimo cha kawaida kinafika mita 4 na nusu siku hiyo, adhuhuri. Kamera ikiwa usawa wa macho, lenzi ya milimita 16 inaanza kuona ardhi mita 2 mbele yako. Kichwa chako na mabega yako yamo kwenye theluji, ndani ya picha, na hakuna pa kuvipeleka ila kukaa chini au kusubiri mawingu. Na theluji haina huruma: ni nyeupe, kila alama ya kiatu inaonekana, kwa hiyo zungukia pembeni kabla ya kuchagua mahali pa kusimama.

Tuje kwenye tundu. Mandhari ya mchana hupigwa f/8 au f/11. Ukifunga zaidi ya f/16 mwanga unaanza kupinda kwenye tundu dogo na picha nzima inalegea. Lenzi ya f/2.8 ikitumiwa kwa f/11 maisha yake yote ni gari la mizigo linalobeba mkate. Kinachohalalisha f/2.8 na f/1.8 ni usiku, na Minnesota usiku wake una sababu. Tarehe 10 Mei 2024 dhoruba ya jua, ya kwanza ya daraja la juu kabisa tangu Oktoba 2003, ilileta mianga ya kaskazini ambayo hata watu wa mijini waliiona kutoka uani kwao, ya waridi na kijani juu ya paa za nyumba. Oktoba mwaka huohuo ikarudi. Mianga hiyo hucheza: pazia la kijani linaweza kubadilika umbo ndani ya sekunde 5. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 5 ya ile ya f/4. Ambapo mwenye f/1.8 anahitaji sekunde 4, mwenye f/4 anangoja 20, na pazia lake linakuwa wingu. Nyota nazo zina kikomo chao. Gawanya 500 kwa milimita za lenzi na utapata sekunde unazoruhusiwa kabla hazijawa vistari. Milimita 20 zinakupa 25, na kwa sensa za kisasa zenye pikseli nyingi mimi ningepunguza hadi 12 au 15.

Kwa hiyo anayetaka mianga ya kaskazini anunue kwa ajili yake, na asijidanganye kwamba zumu kubwa ya f/2.8 itamfanyia kila kitu. Lenzi isiyo na zumu ya milimita 20 kama Sony FE 20mm f/1.8 G ya mwaka 2020 ina gramu 373 na hupokea filta ya kawaida ya milimita 67. Ilitoka kwa dola 900. Zumu ya Nikon Z 14-24mm f/2.8 S ya mwaka uleule ilitoka kwa dola 2,400. Pesa hizo zina kazi nyingine, na msomaji mwenye karo za kulipa Kisii au Moshi hahitaji kufundishwa ni kazi gani.

Uzito una historia yake fupi ambayo inasaidia kununua. Kamera za zamani za kioo zilihitaji nafasi nyuma ya lenzi ili kioo kiinuke, na lenzi pana, ambayo kwa asili ingependa kukaa karibu na filamu, ililazimika kujengwa kwa njia ya kuzunguka, vioo vikubwa vilivyobinuka mbele ili picha iangukie mbali zaidi nyuma. Kwenye kamera ya Nikon ya kioo nafasi hiyo ni milimita 46.5. Kwenye kamera zake mpya zisizo na kioo ni milimita 16, na mdomo wa kamera umepanuliwa. Matokeo yanapimika kwenye mzani: Nikon 14-24mm f/2.8 ya mwaka 2007, iliyosifiwa kote duniani, ina uzito wa kilo moja hivi na kioo cha mbele kilichobinuka kama jicho la chura, kisichokubali filta ya kufungwa kwa kuzungusha. Mrithi wake wa 2020 ana gramu 650. Ile ya f/4, Nikon Z 14-30mm ya mwaka 2019, ina gramu 485 na hupokea filta ya milimita 82 moja kwa moja.

Hilo la filta ni zito kuliko linavyosikika. Lenzi za jicho la chura zinahitaji vishikio vikubwa vya filta za mraba za milimita 150, na vishikio hivyo vina bei yake, ujazo wake kwenye mfuko, na skrubu za kukazwa kwa vidole vilivyokufa ganzi. Usiku wa Januari hapa unaweza kushuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri. Theluji ikianguka, chembe zake zinatua kwenye kioo kilichobinuka, na lenzi pana huona kila kitu kilicho mbele yake, pamoja na tone lililo juu ya ngozi yake. Filta iliyofungwa kwa kuzungusha unaifuta kwa kitambaa na kuendelea. Kioo kilichobinuka unakifuta kwa hofu.

Filta ya polaraiza nayo, inayopendwa kwa kukoleza buluu ya anga na kuondoa mng'ao juu ya maji, ina mpaka kwenye lenzi pana. Mwanga wa anga umepolaraizwa zaidi kwenye pembe ya nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na chini ya milimita 24 hivi fremu inachukua eneo lililopolaraizwa na lisilopolaraizwa kwa pamoja. Unapata anga yenye doa jeusi katikati na weupe pembeni, doa ambalo hakuna programu itakayoliondoa vizuri. Siku ya mawingu, kwenye Maporomoko ya Minnehaha kusini mwa Minneapolis ambako anga haimo kwenye picha, filta hiyohiyo ni dhahabu: inatoa mng'ao kwenye mawe yaliyolowa na majani yanarudi kuwa kijani. Maporomoko yale yana mita 16 tu kwa kimo, mtu husimama karibu, na milimita 20 hadi 28 zinatosha.

Kuhusu kupinda kwa mistari nitapita upesi, kwa sababu tatizo limebadilika. Jim Brandenburg, mpiga picha wa Minnesota aliyefariki mwaka 2025, alijifunga mwaka 1994 kupiga picha moja tu kwa siku kwa siku 90, kutoka ikwinoksi ya Septemba hadi siku fupi kuliko zote ya Desemba, katika misitu ya Ely. Ilikuwa filamu. Kosa la lenzi siku hizo lilibaki kwenye filamu. Siku hizi watengenezaji huacha kasoro makusudi ili lenzi iwe ndogo na rahisi, kisha kamera hunyoosha picha yenyewe. Canon RF 16mm f/2.8 ya mwaka 2021, gramu 165 na dola 300 ilipotoka, ukiitazama faili yake ghafi bila marekebisho utaona mistari imevimba na kona zimekuwa nyeusi. Ikirekebishwa inapendeza, ingawa kona zimevutwa na ukali wake umepungua. Kwa upeo wa macho wa mto, ambako kona ni maji na mawingu, sioni wa kulalamika. Kwa bei hiyo ndiyo lenzi ningemwelekeza mwenye Canon mpya asiye na uhakika kama anataka upana huu. Mwenye Canon ya kioo yenye sensa ndogo ana EF-S 10-18mm ya mwaka 2014, gramu 240, plastiki tupu, inayopatikana ikiwa imetumika kwa bei ya chini kabisa, na ambayo mchana kwa f/8 itawaaibisha wengi.

Kuna jambo la kipato pia. Wapiga picha wengi wa jamii yetu hapa wanaishi kwa harusi, mahafali na shughuli za kanisa, na mandhari ni ya Jumatatu. Lenzi inayolipiwa na harusi lazima iende harusini. Zumu ya 16-35 inakwenda, ukikumbuka kuwaweka watu katikati na kukaa kwenye 28 au zaidi panapokuwa na nyuso pembeni. Ya 14 haiendi. Lenzi pana huvuta kila kilicho kwenye kona, kichwa kinakuwa yai na mkono unakuwa mwiko, na shangazi aliyesimama mwisho wa mstari wa picha ya ukoo hatakusamehe, wala mama mkwe hatalipa salio.

Njia ya bure ipo. Pale mandhari ni pana lakini hayana kitu cha karibu, yaani Coon Rapids miezi mingi, na kwenye ukingo wa Ngorongoro mwaka mzima, weka lenzi ya milimita 50 kwa wima, piga fremu 6 au 7 zikipishana kwa theluthi moja, uziunge kwa programu. Hugin ni ya bure na inaiweza kazi hiyo. Mlima unabaki na kimo chake, msitu wa ng'ambo unabaki msitu, na faili inatosha kuchapisha picha ya ukutani. Haifai kwa mawimbi wala kwa matawi yanayotikisika mbele, na mianga ya kaskazini haikungojei umalize. Lakini mengi ya yale ambayo watu hununulia milimita 14 yanamalizwa na 50 na subira ya dakika 2.

Nikilazimishwa kutaja, basi: zumu nyepesi ya f/4 inayoanzia 14 au 16 na inayokubali filta, kwa anayepiga mandhari ya huku na kusafiri mara moja kwa mwaka hadi Ziwa Superior, ambako mawe ya pwani na jabali la mnara wa Split Rock, uliowashwa mwaka 1910, yanampa kitu cha kuweka mbele. Milimita 20 ya f/1.8 kwa mtu wa usiku. Kifurushi cha 18-55 kwa aliyeanza juzi. Chini ya milimita 14 sina wa kumpendekezea, isipokuwa anayepiga majengo kwa malipo.

Kabla ya kununua, kodisha kwa wikendi moja. Maduka makubwa ya kamera yana huduma hiyo, na Minneapolis ina bahati ya kuwa na National Camera Exchange, biashara iliyoanza mwaka 1914, mwaka uleule wa bwawa letu. Ukirudi kutoka nje kwenye baridi kali, acha lenzi ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto la nyumba taratibu, la sivyo unyevu utatanda juu ya kioo na, kwa bahati mbaya, ndani yake. Ya mtumba iangalie kwa tochi ukitafuta nyuzi za kuvu, hasa kama imekaa Mombasa au kwenye chumba cha chini chenye unyevu cha nyumba za huku. Kisha tafuta ukuta wa matofali, weka kamera kwenye stendi sambamba nao, fungua tundu lote, na ulinganishe kona nne kwa kuzikuza kwenye skrini. Zote zikiwa laini kidogo, ni kawaida ya lenzi pana. Kona moja ikiwa laini kuliko tatu nyingine, kioo kimojawapo kimehama kwa kuanguka. Mrudishie muuzaji, hata kama ameshapunguza bei mara mbili.